Jaketi Lililokaliwa

Jambo lilianza na unyevu tu, na katika stoo ya vifaa vya kambi unyevu haumshtui mtu. Fundi Sindano alifungua mlango asubuhi akakuta jaketi la juu kwenye rundo la majaketi ya kuelea limelowa chapachapa, na katikati limebonyea kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi. Mahema makavu. Mifuko ya kulalia mikavu. Makafi ya mitumbwi yananing'inia ukutani, makavu kama kuni. Akaguna, akalianika juani.

Kesho yake, vilevile. Safari hii na harufu ya tope la ziwani.

Angekuwa mtu mwingine angepiga kelele. Yeye alinyamaza, maana jaketi lile alilijua kuliko blanketi lake. Miaka miwili alikuwa akilikalia akishona mahema ya kukodisha. Kiti kilikuwepo, tena cha mbao nzuri, lakini nani akalie mbao na sponji ipo? Na kila mwenye kazi ile anajua: jaketi la kuelea halikaliwi. Sponji ikishabonyezwa sana imekufa; kwa macho nzima, majini haibebi hata paka. Ndiyo maana kila jaketi hufungwa jiwe na kutoswa kwenye pipa la maji, lionekane kama bado linaelea. Lile la kwake alikuwa akiliruka. Likilowa, angekalia nini?

Basi Jumapili moja, kabla unyevu ule haujaanza, wateja walifurika, majaketi yakapungua. Mdogo wake, muongoza mitumbwi waliyemwita Kasia, akachungulia mlangoni: "Dada, limepungua moja tu!" Fundi akainuka, akampa alilokuwa amelikalia. Akalivaa mwoka mikate mmoja, mcheshi, anayepanda mtumbwi kwa mara ya kwanza.

Mtumbwi ulipinduka. Wenzake wote walielea. Yeye alizama, na jaketi likatupwa ufukweni peke yake. Watu wakasema Kasia hakukaza mikanda. Kasia mwenyewe akaamini, akaacha kula, akaacha kushika kafi. Na dada yake, ole wake, akawa anamkorogea chai na kumwambia, "Ajali haina kinga." Jaketi akalirudisha kwenye rundo, asije mtu akauliza linaogopewa nini.

Ndipo unyevu ule ukaanza, na mchana mmoja, jua utosini, barabara imenyamaza, alisikia nyuma yake sauti aliyoijua. Fuuu. Sponji inakaliwa. Akageuka, na hakuona mtu, ila jaketi lilikuwa linashuka taratibu, linashuka kama linavyoshuka chini ya mtu mzima aliyechoka, na maji yakatoka pembeni yakitiririka hadi kwenye vidole vyake vya miguu, maji ya baridi yenye tope, na vifungo vya mbele vikaanza kujifunga vyenyewe, ka, ka, ka, mpaka cha mwisho, na mikanda ikajikaza, ikajikaza vizuri kabisa, kama alivyokuwa akiikaza Kasia.

Alimwita mganga. Mama huyo alikuja kwa pikipiki, kofia ngumu kwapani. "Ubani wangu ghali," alionya. "Ukinidanganya utaisha bure."

Akafukiza. Moshi ukalizunguka rundo bila kuligusa. Mganga akainama, akasikiliza, kisha akanong'ona: "Ni jini la ziwa. Linasema lilitumiwa mtu, limemfuata aliyemtuma. Nani anabeba lawama?"

"Mdogo wangu."

"Mwite. Useme mbele yake. Nusu ya ukweli haitoshi."

Kasia akaja, mifupa mitupu ndani ya shati. Fundi akataka kusema alisahau kulipima pipani. Jaketi likazidi kushuka. Basi akasema yote: kiti, pipa, Jumapili ile. "Mikanda uliikaza, mdogo wangu. Niliyemuua ni mimi."

Pumzi ndefu ikapanda, jaketi likainuka, mlango ukagonga ukuta na harufu ya tope ikatoka nje. Mganga akavaa kofia yake. "Limeinuka. Msilikaribishe tena."

Pikipiki ikapotea. Kasia hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Siku zote hizi, dada. Unanipa chai huku unaniangalia nikilia."

"Nisamehe."

"Yangu tutazungumza. Twende kwa mama yake yule mwoka mikate, ukamwambie. Sasa hivi."

Kichwani Fundi akauona uso wa yule mama, akaliona duka la mikate limefungwa, akajiona mwenyewe anapita mtaani.

"Kesho," akasema kwa sauti ya chini. "Leo miguu haina nguvu."

Akakivuta kile kiti cha mbao, mbao tupu, hakina hata kitambaa. Akakaa.

Fuuu.

Kasia akarudi nyuma hatua kwa hatua, macho yake yakiwa chini ya kiti, ambako maji yalikuwa yameanza kudondoka.