Jibu la Kilo Moja

Kimya kingi kina mshindo mkuu, ndivyo tulivyofundishwa. Aliyetufundisha hakuwahi kuomba kazi Mbarara, magharibi ya Uganda. Kule, kimya cha mwajiri hakikuwa na mshindo wowote. Kilikuwa na sukari.

Mwaka 1988, siku ya soko, Zulfa alishuka kwenye lori la ndizi akiwa na gauni la manjano lililobana kiunoni, viatu vya kuazima na cheti cha uchapaji alichokiviringisha ndani ya kitambaa. Alikuwa mtoto wa wakimbizi, mzaliwa wa Kashojwa, kambini Nakivale. Veranda ya duka la Haji Muhamudi ilifurika watu, kwani Haji alitafuta mtu wa kupiga chapa na kupokea simu. Zulfa akajipenyeza kati ya mabega na vikapu.

"Dada, umenikanyaga mguu."

"Mguu wako umekaa njiani, kaka."

"Mguu huu ndio unaoita watu ndani." Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe, suruali pana chini kama kengele. "Mimi ni Twaha, karani wa Haji. Jina lako?"

"Zulfa. Niite basi, mguu usije ukavimba."

Akamwita wa kwanza. Zulfa alichapa barua, kisha simu ikalia. Haji, mzee mnene mwenye kanzu, akamwashiria aipokee.

"Halo, duka la Haji Muhamudi."

"Mnauza matairi ya baiskeli?" Ilikuwa sauti ya Twaha, akipiga kutoka duka la jirani. Huo ndio ulikuwa mtihani.

"Tunayo. Baiskeli yako ni ya namna gani?"

"Sina baiskeli."

"Sasa tairi la nini, bwana?"

"Nataka kumbeba binti mmoja wa gauni la manjano."

"Huyo mzito. Kanunue lori."

Haji alicheka mpaka kofia ikamponyoka kichwani. Mchana Twaha alimtokea Zulfa pale verandani na kumkabidhi kilo ya sukari iliyofungwa kwa karatasi ya kaki. Siku hizo sukari iliadimika, watu wakinywa chai kwa chumvi.

"Haji anasema uwapelekee wazazi. Asante kwa kuja." Alifungua mdomo kama mtu mwenye neno lingine. Zulfa alikuwa akitabasamu kwa uso mzima. Twaha akalimeza neno lake.

Kule Kashojwa, mama yake aliupima mfuko kwa kiganja. "Nani kakupa?"

"Karani wa Haji. Nimepata kazi, mama."

"Karani kijana?"

"Kijana, lakini ni mambo ya kazi."

"Mwanangu, Mwislamu hapeleki sukari nyumbani kwa watu bila shabaha. Hiyo ni posa."

Kabla ya magharibi majirani walikuwa wameshakunywa chai na kupiga vigelegele, wengine kwa ajili ya kazi, wengine kwa ajili ya bwana harusi.

Jumatatu Zulfa aliingia dukani na chakula chake cha mchana mkononi. Kwenye mashine alikaa msichana mwingine, Molly, binti wa sajenti wa kambi ya jeshi, vidole vikikimbia kama mvua juu ya bati.

"Huyu ni nani?"

Twaha aliinuka taratibu. "Zulfa, ngoja nikueleze. Haji hawezi kumwambia mtu hapana. Anayekosa kazi hupewa sukari, aende kwao na moyo mtamu. Mji mzima unajua."

"Mimi si wa mji mzima. Mimi wa Nakivale."

"Nilitaka kukwambia. Ulikuwa unatabasamu."

"Leo sitabasamu. Sema."

"Hukupata kazi."

"Kumbe mdomo unaweza." Akakihamishia chakula chake mkono mwingine. "Molly ananishinda, nimesikia vidole vyake. Kukosa kazi hakuniumizi. Mama yangu amenitangazia harusi kwa hiyo sukari yenu, Twaha, na wewe ulijua maana yake tangu mwanzo."

Akatoka. Verandani watu wengine walingoja kazi ya stoo.

"Jamani, atakayepewa sukari hapa ajue amenyimwa kazi. Msiwapigishe mama zenu vigelegele."

Veranda nzima ikaangua kicheko. Haji alichungulia, uso umemwiva. "Wewe mutoto, unaharibu jina yangu mbele ya batu."

"Haji, nimekusaidia kusema."

Tangu siku hiyo hakuna aliyepokea sukari. Waombaji waliusukuma mfuko pembeni na kukaa kwenye ngazi: sema kwa mdomo, Haji. Haji akalazimika kusema, akashangaa kuona hakuna aliyekufa.

Zulfa alirudi kulima maharage, huku akimtukana Twaha moyoni na kucheka peke yake kila alipokumbuka tairi. Ndipo asubuhi moja Twaha akatokea, vumbi mpaka kwenye nyusi, akisukuma baiskeli.

"Umenunua?"

"Nimeazima."

Mama alimtazama mikono. "Mgeni, umekuja mikono mitupu?"

"Mama, sukari naiogopa." Akamgeukia Zulfa. "Safari hii nimekuja kusema kwa mdomo. Nakupenda. Nataka nikuoe. Wazee wangu wako kwetu Kabingo, wanangoja jibu lako ili waje."

Mama akaacha kupembua maharage.

"Kuna lingine," Twaha akasema. "Haji anafungua duka Kabingo. Anataka karani wa kuita waombaji kazi na kuwapa majibu, na amekutaja wewe. Ila umwombe msamaha kwanza, palepale verandani. Neno moja tu, kipenzi. Ni mshahara. Ni bati juu ya nyumba yetu."

Zulfa aliyatazama manyasi ya paa la mama yake, yaliyovuja masika nzima. Kazi aliitaka mpaka vidole vikamwasha. Akachukua pindo la kanga, akamfuta Twaha vumbi kwenye nyusi, moja baada ya nyingine.

"Jibu lako ni ndiyo. Waambie wazee waje."

Twaha alicheka kwa furaha, baiskeli ikamwangukia mguuni, asijali. "Na la Haji?"

"La Haji nalo lipeleke leo, asingoje. Mwambie kazi naitaka, na nitaifanya vizuri kuliko yeye. Lakini nilichosema verandani kilikuwa kweli. Siombi msamaha."