Kivuli cha Jamaldini

Siku ya Nanenane viwanja vya Nzuguni vilifurika watu. Katika banda la vijana wabunifu, kati ya muuza mizinga ya nyuki na mashine ya kukamulia alizeti, alisimama Restuta, gauni la kitenge la njano, viatu vipya vinavyombana. Mezani kwake kulikuwa na simu mbili zenye mchezo alioutunga mwenyewe: watu wawili wanachuma zabibu katika shamba moja, mwenye kikapu kizito ndiye mshindi. Shida ni kwamba simu hazikuelewana. Kwenye moja kichala kilichumwa na Bluu. Kwenye nyingine, kichala hicho hicho kilichumwa na Nyekundu.

"Dada, kwenye shamba lako kuna mwizi," akasema kijana mmoja mrefu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Watu wakacheka.

Mtu mwingine angeona aibu. Restuta hakuona kitu. Mwaka juzi alifanyiwa sendofu ya watu mia tatu, na wiki moja baadaye bwana harusi akatuma ujumbe kwamba amebadili mawazo. Tangu hapo moyo wake uliingia ganzi. Alikwenda kazini, alirudi, alilala. Basi.

"Kila simu inajiona ndiyo yenye ukweli," kijana akaendelea. "Naitwa Jamaldini, nafunga mitandao maofisini. Umeziunganisha simu kwa simu, siyo? Ni rahisi, lakini lazima wote wawili muwe hewani wakati mmoja. Ungeweka seva katikati iwe mwamuzi. Tena kwa anayeanza, mimi ningesema mcheze kwa zamu: wewe unacheza, seva inashika, mwenzako anacheza atakapopata mtandao."

"Nani atapenda mchezo wa kusubiri?"

"Mimi. Nipe namba yako, nikusubiri vizuri."

Akampa. Kwa nini, hata yeye hakujua.

Kufika Oktoba, Jamaldini alikuwa mgeni wa kila Jumapili nyumbani kwa Restuta, Area D. Alikuja na chipsi, na kompyuta, na maneno.

"Laazizi, unanipenda?"

"Nafikiri ndiyo."

"Unafikiri! Jamani, mtoto wa watu ananiweka kwenye majaribio!"

Restuta alitabasamu kwa sababu ilikuwa zamu yake kutabasamu. Lakini alipenda Jamaldini akiwapo. Hilo alilijua, na lilimtosha. Kuhusu mchezo alikataa katakata ushauri wake. Aliuacha vile vile, simu kwa simu, papo kwa papo.

Novemba Jamaldini akaitwa kwao Mtera. Baba yake, mzee Swedi, mfanyabiashara wa samaki wakavu, alikuwa anaumwa. Simu huko zilikuwa zinakatika katikati ya neno, basi wakakubaliana: kila siku saa kumi na moja jioni wakutane mchezoni.

Siku mbili za kwanza Bluu, mchumaji wa Jamaldini, alikuwa akiganda kila mara mtandao ulipokata. Restuta akapata akili. Akaandika kivuli: Jamaldini akipotea, mchezo umchezee kwa tabia zake, aanze mistari ya kushoto, amwachie Restuta vichala vya mwisho. Kijaze sekunde chache tu mpaka mwenyewe arudi. Aliandika kivuli kianze lini. Hakuandika kikome lini.

Kuanzia hapo mambo yakawa matamu. Kila saa kumi na moja Bluu alikuwa shambani, anaanza kushoto, anashindwa kidogo. Restuta hakupiga simu. Mtu mwenye mgonjwa mahututi hachumi zabibu za kwenye simu, alijiambia, na akili yake ikatulia.

Alhamisi moja akakutana na Khalidi, mfanyakazi mwenzake Jamaldini, soko la Majengo.

"Shemeji! Umerudi lini Mtera?"

"Sijaenda."

"Hukwenda kuzika?"

"Kumzika nani?"

Khalidi akashusha mfuko wake wa nyanya chini. "Mzee Swedi. Leo siku ya kumi na moja, shemeji. Sote tulijua unajua."

"Haiwezekani. Jana nimecheza naye."

Alitoa kompyuta mkobani, akaifungua pale pale, juu ya benchi la muuza mchele, akaliona kosa lake. Simu ya Mtera haikuwa imeingia mchezoni hata mara moja tangu siku alipoandika kivuli; kivuli hakikukoma, kilicheza peke yake. Akapiga. Mara ya saba ikapokelewa.

"Restuta."

"Jamal, pole. Sikujua."

"Nilikuwa natazamia utapiga kuuliza hali ya mgonjwa. Siku ya tatu baada ya kuzika nikapanda mlimani kutafuta mtandao. Ujumbe wa matangazo ulikuwapo. Wako haukuwapo."

"Nilikuwa nacheza na wewe kila siku."

"Mimi nilikuwa nazika."

Restuta akamweleza habari ya kivuli, yote, bila kujitetea.

"Na hukujua kwamba si mimi?"

"Sikujua."

"Siku zote hizo, Resti?"

Akakata.

Restuta aliweka mkono kifuani akingoja uchungu uje. Haukuja. Alijua tu, kwa akili kavu, kwamba anampoteza mtu pekee ambaye hakutaka kumpoteza. Jioni ile akakifuta kivuli chote, akauhamishia mchezo kwenye seva, kwa zamu. Asubuhi akajifunga kanga, akanunua sukari na mchele, akapanda basi la Mtera.

Jamaldini alikuwa nje, kanzu imechafuka pindoni, ndevu hazijanyolewa.

"Umekuja kujieleza?"

"Nimekuja kutoa pole. Sihisi kitu ndani, Jamal, nisikudanganye. Lakini nimekuja."

"Mimi nami sihisi kitu. Watu wanalia, mimi nahesabu viti." Kisha, "Mchezo umeufanyaje?"

"Kwa zamu. Usipocheza, mchezo unaniambia hujacheza."

"Nilikwambia Nzuguni."

"Uliniambia."

Akamwingiza ndani. Mama yake alikuwa ameketi mkekani, nguo nyeupe za eda, akina mama wawili pembeni yake wakichambua mchele. Restuta akapiga magoti.

"Shikamoo, mama. Pole sana kwa kufiwa."

"Marahaba. Ahsante. Na wewe ni nani?"

Restuta akamgeukia Jamaldini. Jamaldini alikuwa anaangalia miguu yake mwenyewe.

"Naitwa Restuta. Nilitaka niwe mkweo, mama. Nimechelewa kuja kuzika."

Vidole vya akina mama wale vilisimama kwenye ungo.

"Kuchelewa umechelewa," mama akasema. "Mkwe anakuja siku ya kwanza, anashika ndoo."

"Ndiyo, mama."

"Umekula?"

"Mama," Jamaldini akaingilia, "huyu ni Mkristo."

"Nimemuuliza kama amekula. Hilo lingine mtaniambia nikitoka eda, wewe na yeye, mkiwa mmekaa hapa wote wawili."

Jamaldini akaketi mkekani, karibu na Restuta. Restuta akafungua mdomo aseme ameshiba, kama ilivyo adabu ya mgeni, na ghafla tumbo likamkata. Ilikuwa njaa, njaa kali ya mtu mzima, ya kwanza kuisikia kwa miaka miwili.

"Sijala, mama," akasema.