Kikohozi cha Unga

Kinyozi mmoja aliitwa na wateja wake Maswali. Mashine ya kunyolea ikianza kuvuma, naye anaanza kuuliza. Kwa nini ndevu huota haraka kuliko nyusi? Rubani akibanwa na haja angani, nani anashika usukani? Wateja walicheka, na walirudi.

Mke wake alifanya kazi nchi ya mbali, katika kiwanda kikubwa cha mikate. Kila mchana alimpigia mumewe simu. Siku hizo kikohozi kilikuwa kinamkatiza maneno.

Siku moja simu iliita Maswali akiwa kazini. Alikuwa amemnyoa mteja nusu ya kichwa.

"Mume wangu, wananirudisha nyumbani," alisema mke wake. "Msimamizi anasema mimi mgonjwa, sifai tena. Amenipa barua nitie sahihi."

"Inasemaje?"

"Eti nimeacha kazi kwa hiari yangu."

Swali lilimtoka Maswali lenyewe.

"Kama wanakufukuza wao, kwa nini waandike umeacha wewe?"

Mteja akageuka kwenye kiti. Alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi, aliyezoea kuwatetea watu wa viwandani.

"Samahani, ndugu yangu, nimesikia," alisema. "Hilo ndilo swali lenyewe. Hebu niongee na shemeji."

Maswali aliongeza sauti ya simu, akaiweka kando ya vitana.

"Pole na kuumwa, shemeji. Umeshatia sahihi?"

"Bado."

"Basi usitie. Ukitia, umekubali kwamba umeondoka mwenyewe. Kudai haki yako itakuwa kazi ngumu."

"Lakini kweli naumwa. Si wanaruhusiwa kunifukuza?"

"Kuugua si kosa. Katika nchi nyingi mwajiri haruhusiwi kumfukuza mtu kwa sababu tu ameugua. Kama unaweza kazi au huwezi, atasema daktari. Umepimwa?"

"Hapana. Msimamizi amenisikia nikikohoa, basi."

Maswali akadakia. "Unakohoa zaidi ukiwa wapi?"

"Pale tunapochanganya unga. Siku ya mapumziko nashinda salama."

Kinyozi na mteja walitazamana kwenye kioo.

"Mwambie daktari maneno hayo hayo," alisema mteja. "Vumbi la unga linaweza kuumiza kifua. Omba cheti cha daktari. Kisha nenda ofisi ya kazi ya serikali ya huko huko, na mkataba wako uende nao. Ukikwama, uliza ubalozi wetu."

"Wakubwa hawatanichukia?"

"Watanuna. Waache wanune. Wewe unaitaka kazi yako?"

"Naitaka," alijibu, akakohoa tena.

Simu ilipokatika, Maswali alibaki ameshika mashine hewani.

"Kwani sheria ya huko ni kama ya hapa?"

"Zinatofautiana. Ndiyo maana nimemtuma kwa watu wa huko, wanaoijua yao. Sasa malizia kichwa changu. Nitapitaje barabarani hivi?"

Wiki hiyo Maswali alinyoa kimya. Wateja wakawa ndio wanaouliza.

Huko mbali, mke wake alikwenda kwa daktari. Aliambiwa apulize kwenye kipimo cha pumzi. Alikuwa na pumu, nayo ilichochewa na vumbi la unga. Daktari aliandika kwamba anaweza kufanya kazi, ila akae mbali na unga. Mke wa Maswali alikipeleka cheti ofisi ya kazi. Afisa akamwita msimamizi.

"Huyu mama ulimpima wewe?" afisa aliuliza.

"Nilimsikia akikohoa," alijibu msimamizi.

Barua ile ilifutwa. Mke wa Maswali alitibiwa, akahamishiwa chumba cha kufungasha mikate. Waliobaki kwenye unga wakapewa barakoa.

Mchana mmoja wa mwezi uliofuata alipiga simu kama kawaida.

"Kumbe sikuwa peke yangu," alimwambia mumewe. "Wenzangu wawili walikuwa wanakwenda kukohoa stoo, wasisikike. Jana nimewasindikiza kwa daktari."

"Enhe, wakaambiwaje?"

"Mmoja amepewa likizo ya ugonjwa. Mwingine yuko na mimi hapa, tunafungasha mikate. Anakusalimu."