Vilima Viwili Chini ya Chungu

Jua lilikuwa linakaribia kuzama Ladislaus alipofika Makote kuaga. Bodaboda iliwateremsha njia panda, yeye na binti yake Nancy wa miaka sita, wakapita katikati ya mikorosho. Mabibo yalikuwa yameoza chini. Harufu yake, tamu na chachu, ilimjaa puani. Kila msimu Bibiana, mkewe, alikuwa akirudi shambani ananukia hivyo.

Sasa Bibiana alikuwa amelala nyuma ya nyumba ya mama yake. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja tangu azikwe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Baba Nancy. Nasikia mnahamia kwenye jua."

"Maskati, Mama. Nimepata mkataba wa kufundisha fizikia, miaka miwili. Tunaondoka Alhamisi."

"Kwani Newala jua limekwisha?" Bibi Veridiana, mama yake Bibiana, alicheka. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili; alimtambua mjukuu kwa kumpapasa uso. "Na huyu je?"

"Siwezi kumwacha. Ndiye niliyebaki naye."

"Basi mama yake aulizwe, huko kaburini."

Ladislaus hakuyaamini mambo hayo, ila kubishana na mama mkwe hakuweza. Kaburini, Bibi alichota unga wa mtama, akaumimina taratibu katikati ya vidole. Kilima kirefu cha baba. Kilima kifupi cha mtoto. Akavifunika kwa chungu kimoja.

"Asubuhi tukivikuta vimesimama, safari imekubaliwa. Sasa muage. Mwambie abaki salama. Neno jingine usiseme."

Akatangulia nyumbani, ameshikwa mkono na Nancy.

Ladislaus akapiga magoti. Alikusudia kusema baki.

"Twende, Mama Nancy," alinong'ona. "Twende wote..."

Ndani ya chungu kitu kikakwaruza.

Mara moja tu.

Panya, alijiambia. Akaweka jiwe zito juu ya chungu, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Alfajiri jiwe lilikuwa palepale. Umande ulikuwa haujakanyagwa. Alikiinua chungu.

Vilima viwili, vimesimama, ncha zake kali kama vilivyomiminwa.

Lakini vilikuwa sawa kwa urefu.

Alivipima kwa vidole. Akarudia. Hakuna mtu anayeweza kurefusha unga bila kuugusa. Na hata chembe moja haikuwa imemwagika pembeni.

"Vimesimama?" Bibi aliuliza nyuma yake, uso ameuelekeza kwenye mkorosho.

Nyumba waliyokuwa wamepanga mjini, Mkomaindo, alikwisha kuikabidhi kwa mwenye nyumba. Tiketi mbili zilikuwa mfukoni.

"Vimesimama, Mama."

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili."

"Ahaa. Amewaruhusu. Basi vifunike tena, mpaka mrudi."

Hakuwa amesema uongo. Hilo alijirudia njia nzima, hadi Maskati.

Huko jua lilikuwa la namna nyingine. Lilipiga kuta nyeupe, likarudi, likapiga tena. Mchana watu walijifungia ndani. Wiki ya pili, adhuhuri, Ladislaus alikuwa akisahihisha madaftari alipoinua kichwa.

Mabibo.

Ghorofa ya tatu, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinanguruma... na harufu ya mabibo yaliyooza.

Mlango wa baraza ulikuwa wazi. Nancy alisimama juani, miguu mitupu juu ya vigae vinavyounguza. Hakuinua unyayo. Hakukunja hata uso.

"Nancy! Ingia ndani, utaungua."

Mtoto hakugeuka.

"Niache niote kidogo, Baba Nancy. Nimekaa sana kwenye baridi."

Nancy hakuwahi kumwita hivyo. Hakuna mtoto anayemwita baba yake hivyo.

Simu ikalia mezani. Bibi Veridiana.

"Baba Nancy..." Alikuwa akinong'ona. "Kile chungu. Tangu mwondoke kuna kitu kinagonga ndani. Nikasema ni macho yangu yamehamia masikioni, uzee huo. Leo nimeinama nikasikiliza."

"Umesikia nini, Mama?"

"Kinaniita Bibi. Kinasema humo ndani ni giza. Kinauliza baba yake atarudi lini."

Ladislaus aliitazama miguu mitupu ya Nancy pale juani.

"Nikifunue?" Bibi aliuliza. "Sema, baba. Mkono wangu uko juu yake."

Barazani, mtoto aligeuka polepole, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama Bibiana.

"Mwambie Mama asikifunue," alisema.