Pipa la Profesa

Kila asubuhi ya likizo, Profesa alimfuata shangazi yake kwenye lundo la mchanga uliotupwa na mgodi. Jina hilo alipewa na wasichana wenzake kwa kuongoza darasa, naye alitembea nalo kifua mbele. Shangazi alichota mchanga kidogo, akautia kwenye beseni la maji, akapitisha sumaku iliyofungwa kwa mfuko wa plastiki. Punje nyeusi za chuma ziling'ang'ania mfuko. Alipochomoa sumaku, zikadondoka ndooni. Kisha akazirudia upya, mara tatu, ndipo akazimimina kwenye pipa la kuuza kiwandani.

"Mara tatu za nini, shangazi? Sumaku inavuta chuma tu. Hata watoto wa chekechea wanajua."

"Haya, mwalimu wa chekechea, suuza beseni."

Profesa akabetua midomo. Mtu aliyeishia darasa la nne angemfundisha nini?

Ijumaa shangazi alikwenda kliniki, akamwachia kazi. Profesa alimwaga mchanga mkavu chini, bila maji, akapitisha sumaku mara moja tu. Kufikia saa sita pipa lilikuwa limejaa. "Mtu anahangaika wiki nzima kwa kazi ya asubuhi moja!" akacheka peke yake.

Jumatatu, mpokeaji wa kiwanda cha kuyeyusha chuma alichota konzi moja pipani, akaikoroga majini na kupitisha sumaku. Maji yakawa tope. Chini ukabaki mchanga mwingi kuliko chuma.

"Mama, umezeeka macho au akili?" alimfokea shangazi mbele ya foleni nzima. "Ukileta takataka tena, usikanyage hapa!"

Watu wakaangua kicheko. Shangazi akainamia pipa lake. Profesa akasogea mbele.

"Ni mimi," akasema. "Shangazi hakuwepo. Nilipitisha sumaku mara moja tu."

"Profesa huyo!" msichana mmoja akapaza sauti kwenye foleni. Mpokeaji akamtazama kuanzia kandambili hadi utosini. "Na wewe ndiye wanayemwita Profesa? Wa somo gani, uvivu?"

Walirudia pipa zima kwa siku mbili.

"Chuma kikirundikana, kinabana mchanga katikati," shangazi alimweleza. "Maji yanauachilia. Ndiyo maana tunarudia."

Pipa lilishuka hadi theluthi. Alhamisi mpokeaji alipima tena, akaguna, "Pitisheni."

"Nisamehe, shangazi," Profesa alisema njiani. "Mbona hukunitaja siku ile?"

"Nilitaka kuona kama una kitu zaidi ya kelele. Kichwa unacho, mwanangu. Lakini kumdharau anayekufundisha kazi si akili, ni ujinga uliovaa sare ya shule. Umeanza kusoma siku uliyokiri kosa lako."