Saa Mbili za Okello

"Ziweke pamoja, halafu niambie ukweli kama fundi, si kama mchumba," Okello alisema, akizilaza saa mbili mezani.

Kalekye alikuwa fundi wa saa Kawangware, kazi aliyorithi kwa babake. Saa ya kwanza aliijua vizuri. Aliiunda mwenyewe kwa vipuri vya saa tatu mbovu, akampa Okello siku walipovishana pete. Sokoni haingefika elfu tatu. Ya pili ilikuwa inang'aa kama jicho la paka.

"Hii ni ya pesa ngapi?"

"Laki na nusu. Bosi wangu pale duka la hardware amenipea, bonasi."

"Zote hazina betri. Ndani ni springi na magurudumu tu."

"Wacha hizo, babe. Yako naitia ufunguo kila asubuhi na bado inachelewa dakika tano. Hii inajitia ufunguo nikitembea. Maboyz wa mtaani Gatwekera wakiona yako wanauliza niliokota wapi."

Wateja waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Okello akacheka nao. Kalekye akaigeuza ile ya bei.

Akauleta mkanda karibu na macho.

Kwenye mkanda kulikuwa na tundu la ziada. Alikuwa amelitoboa yeye, wiki mbili zilizopita, kwa mteja aliyeleta mkanda pekee, aliyejiita Audrey.

"Mchumba wangu ana mkono mwembamba," Audrey alikuwa amemwambia.

Naye Kalekye akamjibu kwa roho safi, "Huyo ana bahati."

Sasa alimtazama Okello.

"Bosi wako anaitwa nani?"

"Audrey. Kwani?"

Kalekye akatafuta namba kwenye daftari la wateja, akapiga, akaweka simu kwa spika.

"Audrey, ni fundi wa saa. Mwenye mkono mwembamba yuko hapa."

 Kicheko kikatoka kwenye simu.

"Imemtoshea?"

"Ulijua ni mchumba wangu?"

"Nilijua kabla sijafika kwako. Mafundi wa saa wamejaa Nairobi, mrembo. Nilitaka wewe ndiye umpimie."

"Audrey!" Okello akaruka. "Hukuniambia ulikuja huku!"

"Kumbe unasikia, sweetie? Basi mwambie harusi yetu ni Desemba."

Simu ikakatwa. 

"Kale, naapa, hiyo ya kuja kwako sikujua."

"Ya Desemba je?"

Okello akainamisha kichwa, kisha akakiinua kwa hasira ya mtu aliyeshikwa.

"Nimechoka na maisha ya nyumba za mabati, Kale! Wewe ungenipea nini? Saa ya kuokota?"

 Kalekye alivua pete, akaiweka kiganjani mwa Okello pamoja na ile saa ya laki.

"Toka. Kuna watu wanangoja."

Aliwahudumia wote bila kukosea skrubu hata moja. Alipofika kwa mamake alilia hadi sauti ikakauka, na wiki nzima hakufungua kibanda.

Desemba ikafika. Okello akamwoa Audrey huko mtaani Sarang'ombe, kwa magari manne na keki ya ghorofa. Februari, ujumbe ukaingia kwenye simu ya Kalekye:

"Kale nisamehe. Simu zangu anapokea yeye, mshahara amesimamisha, nikiuliza anacheka tu. Nikichelewa ananifungia nje. Namuogopa huyu mwanamke. Naweza kurudi?"

Kalekye aliusoma mara mbili. Moyo ulimdunda, hilo hakulikana. Kisha akaandika neno moja:

"Mzoee."

Akaiblock namba, akamwita mteja aliyefuata.