Kitenge Ukutani

Kila siku baada ya shule, Gentille alifagia sebule huku mama yake, Nzigire, akijiandaa kwenda kazini kulea wazee. Zamani baba yake, Eliezer, angekuwa hapo akigongagonga misumari. Alifariki majira ya baridi, na tangu hapo nyumba yao ya Buffalo, Marekani, ilikuwa kimya mno.

Siku moja walifagia kuliko kawaida, kwa sababu mthamini wa nyumba wa serikali alikuwa anakuja. Katika jimbo lao, kodi ya nyumba hufuata thamani inayokadiriwa na serikali. Nyumba yao ilikadiriwa kutoka barabarani, na ukiwa barabarani nyumba yoyote yenye rangi mpya ni nzuri. Mama alikata rufaa akieleza kwamba ndani imeharibika. Thamani isiposhushwa, kodi ingewashinda, na ingebidi wauze nyumba ya baba.

Basi Mama akachukua kitenge chake kizuri kuliko vyote, akakitundika juu ya ukuta uliooza, ule ambao baba aliubomoa ili autengeneze, kisha asiumalize.

"Mama, si ukuta huo ndio anakuja kuuona?" Gentille aliuliza.

"Mugeni akute nyumba namna hii? Bon, leta viti."

Mthamini, mzee mpole, alikaribishwa chai na mandazi. Alizunguka, akaandika, kisha akasema kwa Kiingereza kwamba nyumba inapendeza na haoni uharibifu. Gentille akamtafsiria mama yake.

"Umwambie aksanti," Mama alisema, akiangalia chini.

Gentille alishindwa kutafsiri. "Mama, akienda hivi, tutahama."

"Ile ni kazi ya papa yako. Sitaki mutu aione vile aliiacha."

"Hata mimi sitaki, Mama. Lakini tumwambie ukweli."

Machozi yalimtoka Mama. Kisha akainuka, akakishusha kitenge mwenyewe. Mbao zilikuwa nyeusi kwa unyevu. Alama za penseli za baba zilionekana bado, na nyundo yake ilikuwa palepale alipoiweka.

Mthamini alivua kofia. Akauliza ni nani aliyeianza kazi ile.

"Umwambie papa alishakufa," Mama alinong'ona.

Gentille hakuwahi kulitamka neno hilo kwa lugha yoyote. Alilisema, kisha akalia kwa sauti. Mthamini alisubiri mpaka akatulia, ndipo akapiga picha za ukuta.

Wiki chache baadaye walijulishwa kwamba thamani imeshushwa. Hawangehama. Mama alifurahi kidogo, kisha akalia tena, maana mtu wa kwanza ambaye angetaka kumpa habari hiyo hakuwepo.

"Gentille, nilizani naficha aibu yetu," alisema. "Kumbe nilikuwa naficha ukweli yenye ingetusaidia. Ukiwa na shida, umuonyeshe mutu mwenye anaweza kukusaidia, hata kama inauma."

Kitenge hakikurudi ukutani. Mama alikifunga kiunoni, akaokota nyundo, akamwita binti yake amshikie ubao.